Spika ya Bluetooth iliyokuwa nzuri dukani, uwanjani imekuwa nyembamba: sababu ni nini, na ninunue ipi?

#1 Teno wa Moshono
Habari zenu wanajukwaa. Ninaongoza kwaya ndogo hapa Moshono, Arusha, na mazoezi tunafanyia nje, kwenye uwanja wa nyasi kando ya kanisa, kwa sababu jioni ukumbi unatumiwa na vikundi vingine. Nilinunua spika ndogo ya Bluetooth katika duka moja la mjini ili wanakwaya wasikilize nyimbo kabla ya kuziimba. Dukani ilitoa sauti nene yenye besi iliyojaa, kiasi kwamba sikuona haja ya kujaribu nyingine. Uwanjani, kwa simu ile ile, imekuwa nyembamba na kavu. Sauti ya nne, yaani ile nzito ya wanaume, haisikiki kabisa, na nikipandisha hadi mwisho kinachoongezeka ni ukali tu. Chapa sitaitaja, maana sijui bado kosa ni la nani. Naomba kufahamishwa sababu, na pia kwa bajeti isiyozidi laki tatu na nusu ninunue spika gani ya kubebeka yenye sauti safi.

#2 Fundi wa Krokon
Pole, kiongozi. Hiyo ni feki. Spika nyingi zinazofika mezani kwangu zikiwa na jina kubwa ubavuni, ukizifungua unakuta koni moja nyepesi, betri ndogo na kipande cha chuma kilichogundishwa ili mteja ahisi uzito. Vile viwambo viwili vya pembeni, ambavyo katika spika halisi havina koili na hutikiswa na hewa iliyofungiwa ndani ili vizae besi, kwenye feki huwa ni pambo lisilosogea. Kigezo kimoja rahisi ni hiki: JBL Flip au JBL Charge halisi haina tundu la kadi ya memori wala redio ya FM. Ukiliona tundu hilo kwenye kitu kilichoandikwa jina hilo, usiulize hata bei.

#3 Binti Kibosho
Fundi, heshima kwako, lakini maelezo yako hayagusi swali. Spika feki ingekuwa mbaya hata dukani, ilhali yeye anasema dukani ilikuwa nzuri. Kilichobadilika ni mahali. Duka la mjini ni chumba kidogo chenye rafu, dari na ukuta mgongoni mwa spika. Mawimbi ya besi ni marefu na husambaa pande zote, kwa hiyo yakigonga ukuta ulio karibu hurudi na kujiunga na yale yanayokwenda mbele. Ukuta mmoja tu unaweza kuongeza besi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazokaribia 6, na kona huongeza zaidi ya hapo. Uwanjani hakuna kinachorudisha kitu isipokuwa ardhi yenyewe. Zaidi ya hayo, mahali pa wazi kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hushuka kwa desibeli 6, maana yake mwanakwaya aliye mita 8 kutoka kwenye spika anapata desibeli 18 pungufu ya aliye mita 1. Ninafundisha fizikia hapa Moshi, na somo hili wanafunzi hulielewa haraka kuliko mengine kwa sababu wanalifanyia majaribio kwa simu zao.

#4 Mangi wa Mbuyuni
Mnazunguka mbali, tatizo ni wati. Spika ya wati 10 haiwezi kuhudumia uwanja. Mimi nyumbani nina sabufa iliyoandikwa wati 5,000, na majirani wanaifahamu hadi Kiboriloni. Anunue chochote kinachoanzia wati 60 na mjadala ufungwe.

#5 Mzee wa Njiro
Mangi, plagi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 haipitishi zaidi ya wati 3,000 hivi, kwa hiyo sabufa yako ingekuwa kweli ya wati 5,000 ingeshaunguza soketi siku uliyoiwasha. Namba hiyo ni ya PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja, ambacho kila kiwanda hujipangia kinavyotaka. Msomaji atafute wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo.

Hata hizo za RMS zisomwe kwa akili. Chukua JBL Flip 6: kiwanda kinasema ina wati 20 kwa koni kubwa na wati 10 kwa twita (koni ndogo ya milio ya juu), na kwamba hucheza hadi saa 12. Betri yake ni ya mAh 4,800 kwa volti 3.6, yaani wati-saa 17 na kidogo. Gawanya kwa saa 12 utapata chini ya wati moja na nusu. Ndiyo wastani inaoutumia ili kufikisha saa hizo, huku wati 30 zikisubiri vishindo vya ngoma vya muda mfupi. Ingecheza kwa wati 30 mfululizo, betri isingemaliza dakika 40. Kwa hiyo saa zilizoandikwa kwenye boksi ni za sauti ya wastani, ilhali wati zilizoandikwa kwenye boksi hilo hilo ni za sauti ya juu kabisa, na mnunuzi hawezi kuzipata zote mbili kwa wakati mmoja.

Tena, ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji takriban desibeli 10, ambazo ni wati mara kumi.

#6 Mangi wa Mbuyuni
Mzee wangu, shikamoo. Hesabu nimeiona, ila majirani zangu husikiliza sabufa, hawasikilizi hesabu. Na kwa kanuni hiyo hiyo uliyoleta, kutoka wati 12 hadi wati 40 ni desibeli 5 na ushei. Mwanakwaya wa mstari wa nyuma anazihitaji hizo desibeli 5. Bado nasimama kwenye wati.

#7 Kahawa Chungu
Mleta mada amesema simu ni ile ile, lakini hakusema kwamba wimbo ni ule ule. Kwaya nyingi siku hizi hutumiana sehemu za kujifunza kwa WhatsApp: mtu anabonyeza alama ya maikrofoni, anaimba, anatuma. Rekodi ya namna hiyo hubanwa kwa ajili ya mazungumzo, na ikifika kwenye spika nzuri udhaifu wake ndipo unapojitokeza. Atazame ukubwa wa faili. Wimbo wa dakika 4 uliohifadhiwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde hufikia MB 9.6, na ukibanwa hadi kilobiti 64 unabaki chini ya MB 2. Besi na milio ya juu huanza kuharibika hapo, na spika ya bei yoyote haiwezi kurudisha kilichokwisha kutupwa.

#8 Kijana wa Sakina
Wakuu, mmesahau toleo la Bluetooth. Kama spika yake ni ya Bluetooth 4.2, sauti lazima iwe mbovu. Achukue ya 5.3 na ahakikishe ina LDAC, kodeki (njia ya kubana sauti kabla ya kuirusha) ambayo Sony waliitoa mwaka 2015 na hupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde.

#9 Binti Kibosho
Kijana, la LDAC uko sahihi kuhusu namba, lakini toleo pekee halipandishi ubora wa sauti. Spika ya 4.2 na ya 5.3 zikiunganishwa kwa njia ya kawaida zote zinaweza kuishia kwenye kodeki ile ile ya SBC, ambayo ni ya lazima kwa kila kifaa cha muziki cha Bluetooth. Matoleo ya tangu 5.2 yamefungua mlango wa mfumo mpya wenye kodeki ya LC3, lakini simu na spika zote mbili ziwe zimetengenezewa mfumo huo. LDAC nayo ni vivyo hivyo: iPhone haina, hutumia AAC au SBC, kwa hiyo mwenye iPhone akilipia LDAC amelipia kitu asichoweza kukitumia. Kwa uwanja wenye upepo na watoto wanaocheza mpira pembeni, sidhani kama kuna mwanakwaya atakayetofautisha SBC nzuri na LDAC.

#10 Kijana wa Sakina
Watatofautisha, dada. Mimi natofautisha nikiwa Sakina, barabara kuu ikiwa hapo nje.

#11 Dereva wa Nyika
Mimi huendesha wageni, na spika yangu imelala Ngorongoro, Serengeti na Natron kuliko ilivyolala nyumbani, kwa hiyo nitasema la vumbi. Ukiona IP67, ile 6 ni kinga kamili ya vumbi na ile 7 ni kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ukiona IPX7, X inamaanisha kwamba kinga ya vumbi haikupewa daraja. Huenda ipo, huenda haipo. JBL Flip 5 ilikuwa IPX7 na Flip 6 ikaja na IP67, na kwa mtu wa Arusha badiliko hilo lina thamani. Vumbi laini likishaingia kati ya koili na sumaku, koni hukwaruza na sauti hukauka hasa kwenye besi. Mleta mada aangalie kama uwanja wake hauna sehemu isiyo na nyasi.

La pili: simu asiiweke mfukoni. Bluetooth hutumia masafa ya GHz 2.4, na mwili wa binadamu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, huyanyonya. Kwaya nzima ikisimama katikati ya simu na spika, sauti itakatika.

#12 Mama wa Uru
Dereva, hiyo 7 inaniruhusu kuiosha kwenye karai pamoja na vyombo?

#13 Dereva wa Nyika
Maji matupu, mama, na kifuniko cha tundu la chaji kiwe kimefungwa kama kipo. Daraja hilo hupimwa kwa maji safi, halizungumzii sabuni, maji ya moto wala ya chumvi. Na usiichaji kabla haijakauka.

#14 Teno wa Moshono
Ahsanteni sana. Nijibu kwa mpangilio. Kwa Fundi: ndiyo, ina tundu la kadi, lakini si ya jina ulilotaja, na chapa yenyewe huziuza hivyo. Kwa Kahawa Chungu: dukani nilipiga wimbo wa albamu, na uwanjani tunapiga sehemu alizorekodi mpiga kinanda wetu, kweli kwa WhatsApp. Hata hivyo nimejaribu albamu ile ile uwanjani. Sauti imekuwa afadhali, ila bado haifanani na ya dukani. Kwa Kijana: simu ni ya Android na spika ni ya 5.0. Upande wa vumbi, spika ina wiki chache tu, sidhani kama limeshaingia. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba nikipunguza sauti hadi nusu, besi inarudi kidogo.

#15 Mzee wa Njiro
Sentensi yako ya mwisho ndiyo yenye habari. Spika hizi ndogo zina chipu inayosimamia besi. Kwa sauti ya chini chipu huongeza besi kwa makusudi, kwa sababu sikio la binadamu lenyewe husikia masafa ya chini hafifu sauti inapokuwa ndogo, jambo lililopimwa na Fletcher na Munson tangu mwaka 1933. Unapopandisha, koni ndogo ingelazimika kusogea mbali kuliko inavyoweza, kwa hiyo chipu hukata besi ili koni isichanike na betri isizidiwe. Dukani uliisikiliza kwa sauti ya nusu ukiwa umesimama hatua moja. Uwanjani umeipeleka mwisho ukiwa mbali. Kwa maoni yangu ukuta wa Binti una mchango, lakini mkosaji mkuu ni chipu.

Jambo jingine ambalo halijasemwa: kwaya haihitaji besi ya disko. Noti ya chini ambayo mwimbaji wa sauti ya nne huifikia kwa kawaida iko kwenye Hz 82 hivi (mitikisiko 82 kwa sekunde), wakati uzi mnene wa gitaa la besi ni Hz 41. JBL Charge 5, kwa maelezo ya kiwanda, hushuka hadi Hz 65. Hiyo inamtosha mwimbaji na inabaki akiba. Anayetafuta spika ya kwaya atafute uwazi wa masafa ya kati, ambako maneno hukaa, na ajaribu dukani kwa sauti ya juu badala ya kuridhika na nusu.

#16 Mpagazi wa Marangu
Wazee wa hesabu, hakuna aliyetaja hewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, ndiyo maana besi haijai. Mimi nimebeba spika hadi Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyo mita 3,720, na nawaambia kule juu besi haipo kabisa na betri huisha kabla ya chakula cha jioni.

#17 Binti Kibosho
Hoja yako ina ukweli, ila ni mdogo. Hewa ya Arusha ina msongamano wa takriban asilimia 87 ya ule wa pwani, na upungufu huo unakupotezea desibeli 1 na nukta mbili hivi, kiasi ambacho sikio hulitambua kwa shida. Halafu duka lake na uwanja wake vyote viko Arusha! Horombo ni jambo jingine, na betri yako ilikuwa inaonewa na baridi: betri za lithiamu hutoa umeme pungufu zikipoa, na kuzichaji chini ya nyuzi 0 huziharibu moja kwa moja. Ilaze ndani ya begi la kulalia pamoja nawe.

#18 Mangi wa Mbuyuni
Kwa hiyo Moshi, iliyo chini kuliko Arusha, ina besi nyingi zaidi. Hilo tulilijua kabla ya fizikia. Kwaya ihamie huku.

#19 Mpagazi wa Marangu
Binti, nimekusoma, lakini desibeli 1 yako sikubaliani nayo. Spika ile ile nikishuka nayo Himo inanguruma kama simba. Masikio yangu hayakusomea fizikia, ila yanasikia.

#20 Fundi wa Krokon
Turudi kwenye kununua. Kwa bajeti hiyo, Anker Soundcore 2 ni nyepesi mfukoni: ina wati 12, IPX7, na kiwanda kinasema saa 24, nanyi mmeshaelezwa namna ya kuzisoma saa hizo. Kwa uwanja ni ndogo. Charge 5 ni wati 40 kwa jumla, ina betri ya mAh 7,500, na umeme ukikatika unachajia simu humo humo. Kama mpya inazidi bajeti, tafuta iliyotumika yenye hali nzuri, lakini usiinunue kabla haijacheza mbele yako ikiwa nje ya chaja kwa muda wa kutosha. Betri ya lithiamu huchoka kwa mizunguko ya kuchaji hata kama gamba linang'aa. Mimi hubadilisha betri hizo, ila spika ikishafunguliwa kinga yake ya maji msiiamini tena.

#21 Kahawa Chungu
Niongeze: adai risiti ya EFD na dhamana iliyoandikwa. Bidhaa bandia ni suala la Tume ya Ushindani, FCC, na malalamiko yasiyo na risiti hayana pa kuanzia. Muuzaji anayepunguza bei kwa sharti la kutotoa risiti amekwisha kukujibu swali la feki.

#22 Kijana wa Sakina
Mimi ningemshauri Flip 6. Ni stereo, ina spika mbili ndani, na inaingia kwenye bajeti ukijua kuongea.

#23 Dereva wa Nyika
Flip 6 si stereo, kijana. Spika mbili zilizomo ni koni ya masafa ya chini na ya kati, pamoja na twita ya masafa ya juu. Zinagawana kazi, hazigawani kushoto na kulia. Charge 5 nayo ni hivyo hivyo. Stereo utaipata ukiunganisha mbili zinazofanana.

#24 Teno wa Moshono
Nimefanya jaribio. Nimeiweka spika chini, karibu na ukuta wa kanisa, na wanakwaya wakasimama nusu duara karibu zaidi, nami nikaiacha kwenye robo tatu ya sauti. Besi imerudi kwa kiasi ambacho hata wao wamekiona. Sauti ya nne inasikika. Sopano, hata hivyo, wanasema maneno sasa yanavuma, hayatoki wazi kama mwanzo. Kwa hiyo sijui niseme ni ukuta, ni chipu au ni umbali, maana nimebadilisha mambo matatu kwa pamoja.

#25 Binti Kibosho
Ni ukuta. Na sopano wanalalamika kwa sababu spika iko chini, twita inaimbia miguu yao. Iinue kwenye kiti, ukuta ubaki mgongoni.

#26 Mzee wa Njiro
Robo tatu ya sauti, binti yangu. Umeipita sentensi hiyo haraka.

#27 Mangi wa Mbuyuni
Wamesogea karibu, kwa hiyo wati chache zimetosha. Mnathibitisha hoja yangu bila kunitaja.

#28 Teno wa Moshono
Swali moja la nyongeza. Mwanakwaya mmoja ana Flip 4 nyumbani. Nikinunua Flip 5 au Flip 6, nitaweza kuziunganisha zicheze pamoja, moja huku na nyingine kule?

#29 Dereva wa Nyika
Hutaweza. Flip 4 hutumia mfumo wa Connect+, na Flip 5 na 6 hutumia PartyBoost. Ni za kampuni moja lakini hazielewani. Flip 7 na Charge 6, zilizotoka mwaka 2025, zimehamia Auracast, na hizo nazo hazishiki mkono na za PartyBoost. Ukitaka mbili, nunua za kizazi kimoja, au umshawishi huyo mwanakwaya auze.

#30 Fundi wa Krokon
Kabla hajauza mtu chochote, kiongozi, niletee hiyo uliyo nayo Jumamosi. Nitaifungua mbele yako bila malipo. Viwambo vya pembeni vikiwa vinasogea, nitamwachia Binti ukuta wake.

#31 Mama wa Uru
Na visiposogea, Fundi, mtufahamishe humu humu, maana ya kwangu imekauka na sasa inakwaruza.